Mbwa Aliyejua Neno Shika

Wiki tano nilimfundisha mbwa wetu kuguswa sikio, na sitaki mtu aniambie sikuwa na subira. Tunaishi Kitengela, upande ambao ng'ombe hupita wakienda kunywa maji, na kila wakipita wanatuachia kupe. Sikio lake la kushoto lilikuwa limetunga usaha, na mwenyewe alikuwa haguswi. Mume wangu alishatoa amri: daktari akishindwa kumtibu safari hii, amdunge ile sindano ya kummaliza.

Basi kila asubuhi nilikaa naye nyuma ya jikoni na vipande vya maini. Namgusa bega, namlisha. Kesho yake shingo, namlisha. Siku tuliyofika sikioni, mume wangu alibamiza mlango wa gari, mbwa akashtuka, tukarudi begani. Nililia, na ilikuwa hasira tupu. Yeye alinipita na kikombe chake cha chai akasema, "Huyo ni mbwa wa boma, si mtoto wa nasari."

Wiki ya tano akakubali. Nilikunja sikio, nikalisafisha kwa pamba na maji ya chumvi, nikamfunga mdomo kwa kitambaa na kumfungua, naye ametulia tu akitazama mkono wenye maini. Nikampigia simu daktari wa mifugo, Mmaasai mpole anayekuja kwa pikipiki kutoka Kajiado.

Alipofika, kitambaa nilikiacha mfukoni. Yalikuwa majivuno, nakiri. Daktari alichuchumaa, mbwa akampa sikio kama nilivyomfundisha. Daktari akatayarisha sindano ya dawa, akamgeukia mume wangu. "Mzee, shika. Shika yeye vizuri."

Mbwa akamng'ata daktari mkono.

"Si nilisema?" mume wangu akafoka. Daktari, akiosha kidonda chake kwa sabuni kwenye mfereji, alikataa kumuua. Mbwa aliyeuma mtu hufungwa siku kumi, alisema, watu wamwangalie kama ana kichaa, na yeyote asimguse. Kisha akaenda kuchomwa sindano zake mwenyewe.

Tukamfunga. Nilimsukumia sahani ya ugali kwa fimbo ya ufagio na kuondoka. Nilikuwa nimemkasirikia kweli. Wiki tano za maini, na hiyo ndiyo asante yake! Sikio likaanza kunuka hadi jikoni.

Siku ya tisa nilirudi kutoka sokoni na kabichi mbili. Nikamwambia binti yangu, Kiswahili cha sokoni kikiwa bado mdomoni, "Shika hii." Mnyororo ukalia. Mbwa alikuwa amesimama wima, manyoya juu, akitafuta wa kumrukia.

Nilibaki hapo na kabichi mkononi, nikajiona mjinga. Sisi nyumbani huongea Kikuyu na watu, Kiswahili na mbwa. Sijui nani alianza, ndivyo ilivyo hata kwa mama yangu. Tangu mbwa huyu akiwa mdogo, mume wangu alimsimamisha uani akamfundisha neno moja dhidi ya kila mgeni: shika! Daktari alimwamrisha, naye akatii.

Siku kumi zilipoisha, mbwa akiwa hana kichaa, nilimwita daktari tena. Nilimsimamisha langoni, nikamweleza. Alicheka hadi akashika mkono wake wenye bandeji.

Kitambaa nilikifunga mara hii. Mume wangu alikuja bila kubishana, akapiga magoti. "Nyita wega," Mmaasai akamwambia kwa Kikuyu, na mume wangu akashika kichwa vizuri. Mbwa hakunguruma. Dawa peke yake haikutosha tena. Daktari alimdunga ganzi, akakata nusu ya sikio iliyokuwa imeoza, akasema kama angelitibu ile siku ya kwanza lingepona lote.

Nilipofungua kitambaa, mbwa alinitazama mkononi, akangoja. Sikuwa nimeleta maini.