Sauti ya Mama Nyuma ya Msafara

Juma lililopita nilikuwa sokoni Sake nikichagua viazi. Mwanamke aliyekuwa akiniuzia aliimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiimbia mwenyewe, na mkono wangu ukasimama juu ya kikapu. Wimbo ule sikuwa nimeusikia tangu utotoni. Nilipomuuliza ameutoa wapi, akasema mama yake alitembea na misafara ya Walikale. Basi, rafiki yangu, tulikaa juu ya magunia tukazungumza hadi soko likaanza kupungua watu, na viazi nikasahau kununua.

Miaka ile ya vita malori hayakupita. Baba alifundisha shule Walikale, na Koko, mama yake mama, aliishi Kibabi, kwenye vilima vya Masisi. Kila likizo kubwa mama alitupeleka kwake kwa miguu, mimi na mdogo wangu wa mgongoni. Hakuna aliyethubutu kutembea peke yake. Wanawake wachuuzi walifunga safari pamoja, ishirini au zaidi, kila mmoja na bido, dumu la mafuta ya mawese, au mfuko wa chumvi mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Kwetu sisi watoto vakansi, yaani likizo, ilianza pale pale njiani: ndizi za kuchoma, mahindi ya kukaanga mfukoni, maji ya mto baridi hadi meno yanauma. Siku ya nne miti mirefu iliisha, tukatokea kwenye vilima vya malisho, ukungu ukatuingia ndani ya nguo, na tukajua maziwa ya Koko yako karibu.

Njia ilikuwa nyembamba, wa mbele hawakuwaona wa nyuma, ndiyo sababu waliimba. Mbele alitangulia mjane mmoja muuza chumvi, mtu wa maneno machache. Yeye alianzisha wimbo: "Ba nyuma, muko?" Sisi wa katikati tukalipokea neno, tukalisukuma nyuma, na kutoka mwisho kabisa likarudi jibu: "Tuko, tuko na mizigo." Katikati ya hapo kila mmoja alitia lake, juu ya magoti yanayolia au mume mvivu, na tulicheka mpaka mizigo ikayumba. Mwisho aliwekwa mama. Kanisani ndiye aliyeimbisha, na sauti yake ilivuka bonde.

Mwaka nilipokuwa na miaka tisa, tukiwa tunapanda kilima cha kwanza cha Masisi, mjane aliuliza na jibu halikurudi. Akauliza tena. Kimya. Sheria ya msafara tuliijua wote: wa nyuma wakinyamaza, wa mbele hawaiti, wanaingia porini. Tukaingia kwenye matete. Nilipofungua kinywa nimwite mama, mjane alinivuta akaketi nami, akanitilia mahindi kinywani.

"Tafuna," akaninong'oneza. "Kinywa kikuwe na kazi."

Nikatafuna. Akanitilia mengine. Sijui tulikaa muda gani. Najua machozi yalifika kwenye mahindi, yakawa na chumvi. Mwanamke mmoja alisema tuendelee, giza lisitukute pale. Mjane akatikisa kichwa, akasema yeye hafiki Kibabi kumweleza mama wa mutu kitu ambacho yeye mwenyewe hakijui.

Ndipo sauti ikaja kutoka bondeni, ikikwaruza kidogo, lakini ni ya mama.

"Ba mbele, muko?"

Na mimi nisiweze kujibu, kinywa kimejaa mahindi. Nililia, nikacheka, nikapaliwa, mjane akanipiga mgongoni huku naye akicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha wote wakajibu kwa pamoja, kilima kizima kikajibu.

Mama alitueleza akiwa amekaa chini, mdogo wangu akinyonya. Watu wanne wenye bunduki walitoka porini wakauliza kwa nini wanaimba. Akawaambia wanapeleka batoto vakansi. Wakachukua mawese na chumvi, wakaamuru yeye na wenzake wa nyuma wasisikike mpaka wavuke mto. Akavuka, akaimba.

Koko hakuuliza habari za mafuta aliyoletewa kila likizo. Alitupapasa vichwa mmoja mmoja, kisha akaweka maziwa motoni. Mama alilala siku nzima, na mimi mlangoni nikimsikiliza akikoroma.

Siku hizi anayetoka Walikale hupanda pikipiki, barabara ikikubali. Vijia vile vimemezwa na nyasi, mjane amezikwa, mama naye. Sisemi amani imetimia. Aliye huku anajua. Lakini nilidhani ningehuzunika kwamba wanangu hawaujui wimbo ule, na sihuzuniki. Wao tukisafiri huimba nyimbo za redio, nusunusu, wakikatiza popote wanapotaka. Na wakinyamaza, moyo wangu hautishiki.