Mstari wa Maziwa ya Kanga

Mgomba uliokatwakatwa una harufu yake, jamani. Ni ya majimaji, baridi, na ukiichanganya na pumba za mahindi na mavi ya asubuhi, basi hapo ndipo nilipokulia mimi. Kwetu ni juu ya Kimandolu, ukiupandia mlima. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa kisasa, ana madoa madogomadogo, tukamwita Kanga. Mchungaji wake nilikuwa mimi. Shule niliiacha darasa la tatu kwa sababu mama alisumbuliwa na mgongo, na ng'ombe hajipeleki malishoni. Mpaka leo naandika jina langu tu, na hilo nalo linapinda.

Akaja mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya jirani. Mrefu, anacheka, viatu vimejaa mavi wala hajali! Shule yao haikuwa na ng'ombe, akamwomba baba awalete wanafunzi wake wa kidato cha tatu kila Jumamosi asubuhi. Wakaja, wasichana wameziba pua. Ikawa Kanga analishwa bandani, haendi malishoni. Wanampimia majani, mgomba na pumba, halafu wanapima maziwa. Wakabandika karatasi kubwa ukutani mwa banda, wakachora mstari, na kila wiki mstari unapanda. Aliyewafundisha kukamua ni nani? Ni mimi, mtoto wa miaka kumi! "Usivute kama kengele ya kanisa," nawaambia, "bana juu, ushuke nayo." Kulikuwa na kijana mmoja mtani, Gidioni, kila akiingia ananiambia, "Shikamoo, profesa." Namjibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Banda zima kicheko.

Mwalimu akamwambia baba, "Mzee, ng'ombe akila hapahapa, huyu mtoto wa nini malishoni? Mrudishe shule." Baba hakujua kusoma, lakini mstari unaopanda anauelewa kila mtu. Akasema, "Ukipanda mpaka Jumamosi ya mwisho ya muhula wenu, Elinipa atarudi shule. Ukishuka, atarudi machungani na ng'ombe wake." Basi mimi nikawa kila nikilala naota nimevaa sare.

Ile wiki ya mwisho baba na mama wakaenda msibani Alhamisi, wakaniachia nyumba na wadogo zangu. Sasa nisikilizeni akili za mtoto. Nikasema moyoni, nisipokamua Ijumaa, Jumamosi maziwa yatakuwa mengi, mstari utaruka mpaka kwenye paa. Ijumaa kutwa sikukamua. Ndama nikamfunga mbali, akalia mpaka sauti ikakauka. Kanga mwenyewe maziwa yanadondoka chini, akalala juu ya mavi, na mimi nafurahi nikiona kiwele kinavimba.

Jumamosi kiwele kilikuwa jiwe, tena la moto. Nilipogusa chuchu akapiga teke ndoo. Nikarudi, nikakamua. Yakatoka mabonge na maji mekundumekundu. Gidioni akasema, "Profesa, leo ng'ombe wako anatoa mtindi moja kwa moja!" Wakacheka, mpaka walipouona uso wa mwalimu. Mwalimu alichuchumaa mbele yangu. "Elinipa, jana alikamuliwa?" Baba alikuwa amerudi asubuhi hiyo, amesimama mlangoni na fimbo yake. Nikasema, "Ndiyo, mwalimu. Asubuhi na jioni."

Akaniamini. Angenibana kidogo tu, ningesema! Baba akasema, "Basi ni chakula chenu hicho." Mwalimu hakubisha. Akachukua kalamu, akauvuta mstari chini, akawaambia wanafunzi waandike kwamba huenda chakula kile kimemdhuru ng'ombe. Darasa zima likainama, likauandika uongo wangu kwa mwandiko mzuri. Hawakurudi tena. Bwana mifugo alipiga sindano, lakini chuchu mbili zilikufa. Mama aliporudi alikishika kile kiwele, akanitazama, akajua, lakini baba hakumwambia. Jumatatu nilikuwa nyuma ya Kanga njiani, tunapishana na watoto wa shule.

Hadithi hii huwa naisimulia nikicheka, watu wanasema bibi ana mambo. Nicheke, nifanyeje? Banda sasa ni vyumba vya wapangaji, maziwa tunanunua ya pakiti. Mjukuu wangu Neema anasoma sekondari hapo Kijenge, kidato cha tatu. Chuchu ya ng'ombe hajawahi kuishika, lakini vitabu anavyo, na shule hakuna wa kumtoa. Juzi alikuwa mezani anakariri masomo yake kwa Kiingereza, nikapita, nikaona picha kitabuni. Kiwele kimevimba upande mmoja, chekundu. Nikavuta kiti, nikakaa. Nikamwuliza, "Mama, huyo wanasema ameumwa kwa sababu gani?" Akanitazama kwa heshima kabisa, mtoto mzuri huyu, akasema, "Bibi, hii ni sayansi, ni ngumu. Huwezi kuelewa."

Nikamwambia, "Haya, mama. Soma."