Shangazi Alivyosimamisha Wimbo

Video ya kwanza ya muziki kurekodiwa mtaani kwetu Kondele ilimtoa dairekta jasho. Alimweka shangazi yangu nyuma ya bendi, acheze tu, asiseme kitu. Asiseme! Dairekta alitoka Nairobi, tumsamehe. Kwetu mtu akiguswa na wimbo husimamisha bendi, akajisifu kwanza, ndipo muziki uendelee. Shangazi akainua mkono: "Simameni! Mimi ndiye dada wa wanaume saba! Anayekula samaki wangu husahau kwao!" Wanamuziki, watoto wa nyumbani, wakanyamaza kwa heshima. Dairekta akafoka, wakaanza upya, shangazi akawasimamisha tena. Mwishowe dairekta alichoka, akamwacha ndani ya video. Siku hizi wimbo huo ukipigwa redioni bila majigambo ya shangazi, Kondele nzima hulalamika: "Huu wameukata!"