Robo ya Kidonge

Nilianza kumeza vidonge mwaka aliofariki baba. Tulipotoka kumzika kijijini Mpui nilirudi mjini Sumbawanga kwenye cherehani yangu, mtaa wa Majengo, lakini moyo ulinienda mbio na usingizi ulinihama kabisa. Mganga wa zahanati akaniandikia vidonge vya kutuliza vya wiki mbili. Vilipokwisha nikaenda duka la dawa na kile kile kikaratasi. Muuzaji akanipa vingine. Mara ya tatu hakuuliza hata karatasi. Ikafika miaka miwili, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba dawa hizo haziachwi ghafla.

Basi nikaziacha ghafla. Jumapili moja nimetoka misani nilijiambia yatosha, mimi si mgonjwa, nikavitumbukiza vyote chooni.

Siku ya tatu mikono ikaanza kutetemeka. Ulikuwa msimu wa sare za shule, na mimi siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Jasho lilinitoka katika baridi ile ya Sumbawanga. Mlango ukibamizwa, naruka. Mteja mmoja akaitazama sketi ya binti yake, mshono umekwenda upande, akaniuliza, "Mama, siku hizi unakunywa?" Mimi, ambaye pombe ya ulezi naionja harusini tu!

Dada yangu mkubwa akaja kutoka Mpui kuniuguza nyumbani kwangu Milanzi. "Hiyo ni malaria," akasema. Tukaenda kupima: hakuna malaria. Tukarudi, wakapima tena, hakuna. "Ni mawazo tu, mama," aliyenipima akasema bila kuinua macho. "Pumzika."

Nyumbani dada alichoka nami. "Jikaze basi!"

"Nimejikaza mpaka meno yanauma, dada. Unataka nijikaze wapi tena?"

Akaendelea kuchambua maharage. Kesho yake nilianguka uani, mwili mzima ukinikakamaa. Yeye ndiye aliyenifikisha hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa msichana mdogo kuliko mimi. Aliniamkia, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, kuna dawa ulikuwa unameza ukaiacha?"

Nikamweleza. Akaweka kalamu chini. "Mwili wako umeizoea. Tutairudisha, halafu tutaipunguza kidogo kidogo. Usiache tena peke yako, ni hatari."

Nililia pale pale, na dada akadhani ni furaha. Nililia kwa hasira. Kumbe nimeteseka siku zote zile ili nirudi kumeza vitu nilivyovitupa mwenyewe!

Ndipo ikaanza kazi ya wembe. Kila daktari alipoagiza nipunguze, nilikata kidonge kwenye sahani, kikapasuka, nusu yake ikawa unga. Nikishaondoa robo, wiki nzima naumwa. Nikianza kupata nafuu, tarehe ya kuondoa robo nyingine imefika. Dada alirudi Mpui kulima, akawa anapiga simu.

"Bado tu? Si walisema utapona?"

"Walisema polepole."

"Polepole gani hii? Mahindi yetu yameshakomaa!"

Hata mimi polepole hiyo ilinichosha. Safari moja niliruka hatua ili nimalize upesi, nikashindwa kushika mkasi siku nne, na daktari akanirudisha nyuma.

Nilimeza kipande cha mwisho wakati watu wanavuna ulezi. Sasa nalala, si vizuri, lakini nalala, na nashona.

Wiki moja baada ya kile kipande cha mwisho niliingia kwenye lile duka la dawa. Muuzaji akanikumbuka, akageukia rafu.

"Sitaki dawa," nikamwambia. "Nimekaa miezi naziacha. Kwa nini hukuniambia?"

"Mama, mimi nilikupa ulichoomba."

"Ungeniuliza hata mara moja."

Akasema pole. Nyuma yangu mama mmoja alikuwa akisubiri, ameshika kikaratasi kilichokunjamana. Nikamgeukia, nikamsalimia, nikamwomba anionyeshe kimeandikwa dawa gani.