Basi la Chempakam na Kitufe cha Nakubali

Sajeevan ni jirani yangu hapa Kunnamkulam, mji mdogo wa Kerala, kusini mwa India, fundi wa kusuka mota za feni. Sijapata kuona mtu mwenye mikono yenye akili namna ile na kichwa kigumu namna ile. Mke wake husema ni mpole. Mpole wapi, ni mbishi anayeongea taratibu.

Utotoni alikuwa mmoja wa wendawazimu wa mabasi. Kwetu kila basi la mtu binafsi lina jina, na kila jina lina mashabiki walio tayari kushikana mashati kwa ajili ya honi. Yeye alikuwa wa Chempakam, basi la njia ya Thrissur, na mimi ndiye niliyekuwa kondakta wa basi hilo. Chempakam ilipochoka, tajiri akaiuza kama chuma chakavu, ikakatwakatwa. Mimi nilikwenda zangu nyumbani nikalala. Sajeevan alilia, mtu mzima na masharubu yake.

Baadaye akapata gemu la kompyuta la kuendesha mabasi, kazi ya kampuni moja ya ng'ambo. Mabasi yake yalikuwa safi mno, na abiria wake kimya kama wako msibani. Sajeevan akajifunza kulichokonoa gemu lile, akaanza kuijenga upya Chempakam ndani yake. Kila jioni alikuja kunisumbua.

"Kaka, kamba ya kengele ilipita wapi?"

"Darini, upande wa kushoto. Kule nyuma ilikatika, nikaiunga kwa kitambaa cha sari kuukuu ya shemeji yako. Kijani, chenye pindo la dhahabu."

"Kipana kiasi gani?"

"Sajeevan, una mke. Nenda nyumbani."

Alipomaliza aliniita nikaone. Niliivuta ile kamba kwa kipanya cha kompyuta, kengele ikalia mara mbili, basi likaondoka. Nilitaka kuivuta tena, lakini sikumwambia, maana angevimba kichwa.

Akaisambaza bure mtandaoni na watu wakaigombania. Kwenye kioo cha nyuma alikuwa ameandika: Mali ya Sajeevan, usiguse. Mali yake, ndani ya gemu la watu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Haukupita muda, jamaa mmoja wa Pala, mji mwingine wa huku kwetu, anayeitwa Tijo akaichukua Chempakam, akaipaka rangi nyekundu, akaiita Malkia wa Pala na kulifuta jina la Sajeevan. Siku hiyo Sajeevan alikuja kwenye kibanda cha chai amekunja msuli wake wa kujifunga kiunoni juu ya magoti, kama mtu anayetafuta ugomvi.

"Nakwenda kumshtaki kwa kampuni," akasema.

"Kampuni ipi? Ile uliyowachokonolea gemu lao?"

"Kaka, masharti yao yanakataza wizi. Nimeyaona."

"Umeyasoma?"

"Nani anasoma yale? Nimetafuta neno wizi, nikalipata."

"Na kuchokonoa je? Yanakuruhusu?"

"Kwani nani hachokonoi?"

"Basi kila mtu ni Tijo."

Muuza chai akaangua kicheko. Sajeevan hakucheka. "Tijo kaiba, kaka. Mimi nimejenga."

Hapo alikuwa na haki, na ndicho kilichoniudhi. Nilimwambia ampigie Tijo simu, amtukane vizuri, jina litarudi. Hivyo ndivyo tulivyomalizana na mabasi yaliyotuibia zamu barabarani. Akanijibu kwamba mambo ya sheria yaende kisheria. Sheria, fundi feni.

Akawaandikia wale wa kampuni. Ili wasadiki kwamba basi ni lake, akawaeleza alivyoyafungua mafaili ya gemu lao, na alichobadilisha, akaambatanisha picha za kila hatua. Yaani mtu alijikamata mwenyewe, akajifunga kamba, akajipeleka kituoni.

Jibu lao lilikuwa la adabu. Masharti yanamruhusu mchezaji kulibadilisha gemu kwa kuchezea yeye mwenyewe tu, kusambaza ni marufuku bila kibali, na chochote anachokiongeza humo kampuni inaweza kukitumia ipendavyo. Wakamshukuru kwa uwazi wake, kisha wakayaondoa mabasi yote mawili na kufunga akaunti zote mbili. Tijo alifungua nyingine kabla ya chakula cha mchana. Sajeevan, mtu wa sheria, akakataa. Gemu likawa halimfungukii tena, na Chempakam ikafa mara ya pili.

Nimeyasoma yale masharti kwa miwani yangu. Ni maandishi marefu kuliko barabara ya Thrissur, yameandikwa ili yasisomwe, halafu unaambiwa ulikubali. Nawadharau walioyaandika, na nawadharau wanaojifanya hawayaoni.

Mvua zilipokwisha Sajeevan akaja kwangu, msuli ameuteremsha mpaka chini.

"Kaka, njoo uone kitu. Na shemeji aje."

Kampuni ilikuwa imeanza kuuza basi jipya la gemu lao, basi la Kihindi, wamelipa jina la ovyo na kulipaka rangi kama keki. Sajeevan akaisimamisha video ya tangazo lao pale panapoonekana ndani ya basi. Kamba ilipita darini, upande wa kushoto. Nyuma imeungwa kwa kitambaa cha kijani, chenye pindo la dhahabu.

Mke wangu akainama karibu na kioo cha kompyuta. "Hilo pindo nalijua," akasema. "Ni sari yangu."

Mimi nilikuwa natafuta tusi linalotosha na sikulipata.

"Sasa utafanyaje?" nikamuuliza Sajeevan.

"Ninalinunua."

"Unanunua basi lako mwenyewe?"

"Lipo kwao tu, kaka. Nikitaka kuliendesha nitalipata wapi?"

Akafungua akaunti mpya, yeye aliyekuwa ameikataa. Yale maandishi yakajaa kwenye kioo.

"Safari hii yasome basi, mpumbavu wewe."

Akayashusha yote kwa kidole kimoja mpaka mwisho, akabonyeza Nakubali. Kisha akainuka kitini na kunipisha.

"Kaa, kaka," akasema. "Piga kengele."

Nikamtukana yeye na kampuni yake. Halafu nikakaa, nikaivuta kamba mara mbili.