Mashauri Mawili kwenye Kilio cha Mama Marceline

Mapalo aliingia uani bila kupiga kelele, na hapo hapo Keren akajua. Mwanamke yule alizoea kuwatania watu tangu barabarani, kabla hajafika mlangoni. Mtaa mzima wa Katuba ulimjua kwa sauti yake. Asubuhi ile aliingia kimya, viatu mkononi, akamkuta Keren akipepeta ndagala, dagaa wakavu wa Pweto.

"Weka ungo chini, Keren."

"Mama?"

"Weka chini kwanza."

Keren hakuuweka. Aliukumbatia kifuani, ndagala zikamwagika miguuni pake, na Mapalo akamshika yeye na ungo wake pamoja. Mapalo alikuwa ametoka hospitali, ambako walikuwa wakipokezana kumlinda mgonjwa. Mama Marceline alikuwa amekata roho alfajiri, baada ya kuomba maji na kunywa kidogo.

Marceline alikuwa binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga. Mumewe alikufa mapema, akamwachia watoto wawili, David na Keren, naye akawalea kwa samaki wa kukausha. Alipanda malori ya Kasenga, akarudi ameketi juu ya magunia, na Jumapili, hata akivaa kitenge kisafi namna gani, harufu ilimfuata mpaka kwenye komunyo. Hakuona haya. "Yezu alichagua wavuvi," alisema. "Harufu hii anaijua."

Katika shirika lao la Kikristo, pale mtaani, watu walimpelekea mambo yao: mke aliyepigwa, binti aliyetaka kuacha masomo, majirani waliogombania mpaka. Aliwasikiliza huku mikono yake ikichambua samaki. Lakini mtu akija na machozi au na ghadhabu, hakumpa shauri siku ile. "Leo nimekasirika pamoja na wewe," alimwambia. "Njoo kesho, nitakuwa na akili."

Mara moja tu aliivunja kanuni hiyo, na ilikuwa kwa mtoto wake mwenyewe.

David alikuwa amehamia kanisa jingine, na nabii wa huko akamwambia kwamba hapati kazi kwa sababu mkono wa mama yake umemfungia mlango. Asile tena kwake, maana chakula chake kina sumu. David alikuja kumwambia mama yake maneno hayo usoni, sahani ya bukari, ugali wa kwao, ikiwa mbele yake, kisha akainuka bila kuigusa. Siku ile ile dada mkubwa wa Marceline, Victorine, alimwambia mdogo wake: "Usimufuate. Mama hapigie mutoto magoti. Atarudi yeye mwenyewe." Marceline, moyo ukimchemka, alilikubali shauri hilo. Miaka miwili ikapita, mama akingoja mwana arudi, mwana akingoja mlango wa kazi ufunguke. Mlango haukufunguka.

Siku ya pili ya kilio David alikuja. Hakuingia uani. Alisimama nje ya ukuta, kofia mkononi, watu wakipita mbele yake kama mbele ya nguzo. Wajomba walimwendea Keren kwa sababu yeye ndiye aliyemuuguza mama. "Sema weye," walimwambia. "Kesho abebe sanduku, ao asibebe?"

Victorine alikuwa ameketi ndani, kwenye mkeka karibu na Keren, rozari vidoleni. Kule parokiani waliomwomba awaombee walikuwa wengi.

"Akae kule na bageni," alisema. "Asibebe, asitupe udongo. Alisema chakula ya mama yake iko na sumu, sasa anatafuta nini ku maiti yake? Mungu iko wa haki, mutoto yangu. Usiingilie kazi yake."

Maneno hayo yalishuka ndani ya Keren kama uji wa moto katika tumbo lenye njaa. Alitikisa kichwa kukubali. Nusura awaite wajomba.

Wakati huo kicheko kilipasuka uani. Katika ukoo wao, wajukuu wana ruhusa ya kumcheka marehemu kwenye kilio, hata wajukuu wenye mvi, na ni mwiko kuwakasirikia. Mapalo, ambaye mama yake alikuwa mpwa wa Marceline, alihesabiwa mjukuu, na kwa hiyo alimwita marehemu "rivale", yaani mke mwenza, maana bibi na mjukuu wanagombania mume mmoja, babu, ambaye wao humwita Nkambo. Sasa alikuwa amevaa kitenge cha Marceline, karai kichwani, akitembea kwa mwendo wa marehemu wa kuchechemea.

"Samaki! Samaki ya Kasenga! Weye tantine, unamugusa-gusa samaki, ni bwana yako?" Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. "Rivale yangu iko muchoyo! Amekimbilia kwa Nkambo bila kuniaga, anafikiri kule atamukamata yeye peke yake!" Kisha aligeukia ukuta, akaita kwa sauti ile ile ya Marceline: "David! Kuya kula, baba! Ao bado unaogopa?"

Kicheko kilikatika. Nje ya ukuta David alificha uso ndani ya kofia.

Mapalo aliingia ndani, akatua karai, akaketi karibu na Keren.

"Umuache abebe mama yake."

"Weye leo uko mutu wa kuchekesha tu."

"Inje nilichekesha. Hapa sicheke."

"Aliumiza mama, Mapalo."

"Aliumiza, ndiyo. Na mama naye hakumufuata. Utasali misa ya mama na nani, kama kaka yako iko inje ya ukuta? Twende tumuambie. Tutakwenda pamoja. Akitukana, atatutukana shiye wawili."

Maneno hayo hayakushuka vizuri. Yalimchoma Keren, hata akatamani kumfukuza. Lakini aliona jambo moja: Mapalo alikuwa amekwisha simama, tayari kwenda naye. Akamgeukia Victorine.

"Mama mukubwa, tusali kwanza, tumuombee David, kisha niwajibu wajomba."

"Kusali nini tena? Ile mambo ilishaisha."

Keren aliutazama mkono ulioshika rozari. Hakumdharau mama yake mkubwa, maana Victorine alimlilia dada yake kweli. Lakini aliona kwamba shauri lake lilikuwa tamu kwa sababu lilikuwa hasira ya Keren mwenyewe iliyovikwa jina la Mungu, nalo halikutaka kuguswa na sala. Lile jingine lilimtaka ainuke, na aliyelitoa alikuwa akimngoja mlangoni. Keren akainuka.

David alipomwona hakusogea. "Kama munanikatalia, niambie weye. Hapana bale bajomba."

"Niko na hasira na weye bado," Keren alisema. "Sitakuficha. Lakini utabeba mbele."

"Nilifikiri wakati iko mingi."

"Na mama naye alifikiri vile." 

"Ingia basi," Mapalo alisema, akimvuta mkono, "weye mbuzi, batu bakuone karibu."

Kesho yake, baada ya misa, walimpakia Marceline kwenye kamioneti, wanawake wa shirika wakiimba nyuma. Makaburini wanaume waliliteremsha sanduku. David alikuwa mbele, upande wa kulia, na mjomba wao upande wa kushoto. Padri alinyunyiza maji ya baraka, wakasali Baba Yetu na Salamu Maria. Keren alitupa udongo, kisha David. Victorine alikuja nyuma yao, akikokota miguu, akatupa na wake bila kumtazama mtu. Wajukuu walishika majembe, wakafukia mpaka ardhi ikainuka kidogo, wakasimamisha msalaba wa mbao. Jua lilikuwa kali. Watu walirudi Katuba, wakanawa mikono kwenye ndoo mlangoni, mmoja mmoja, wakaingia kula.