Kila Nikishtuka, Mikono Yangu Inavuta Kushoto

Admin, jina langu lifiche, watu wa kwetu huku Maryland ni wengi na midomo wanayo. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, Mkenya wa upande wa Bungoma, nakaa Germantown kwa binti yangu ambaye ni nesi. Shule niliachia darasa la nne, mkiona makosa yarukeni msome mbele. Lakini kwa usukani sina mwenzangu. Nimeendesha lori miaka thelathini na nane, Mombasa mpaka Malaba, na sijawahi kuangusha hata gunia. Waulizeni madereva wa siku hizo, kama kuna aliyebaki hai.

Nilipofika hapa binti yangu alinipa kazi moja, kumpeleka mjukuu wangu shule, msichana wa miaka minane. Mama yake hutoka alfajiri kwenda hospitali, na mume wake anafanya kazi Virginia, hutoka mapema kuliko yeye. Leseni nilipata mara ya kwanza. Miezi mitatu sikuwa na shida, kwa sababu asubuhi barabara imejaa, unafuata tu walio mbele.

Sasa Jumapili moja tulitoka kanisani, mimi na mtoto peke yetu, barabara tupu. Nikatoka pale kwa parking nikaingia upande wa kushoto kama kwetu, nimetulia kabisa, naimba. Mtoto akasema nyuma yangu, "Babu, wrong side." Kiswahili anasikia lakini hujibu kwa Kiingereza. Nikamwambia, "Nyamaza, babu yako alijua barabara kabla mama yako hajazaliwa." Mara pikapu ikatokea kwenye kona. Nikavuta kushoto zaidi, na yule naye akakwepa huko huko. Tulisimama pua kwa pua, zimebaki hatua mbili hivi. Mkanda ulimchuna mtoto shingo. Nikashuka nikamgombeza yule mwanamume kwa Kiswahili chote nilicho nacho. Alinyoosha kidole kwenye mstari wa manjano wa katikati, halafu akaenda kumwangalia mtoto.

Binti yangu alichukua funguo, akaacha zamu ya asubuhi ili ampeleke mtoto mwenyewe. Nikamwambia, "Mimi nimeteremsha tani ishirini na nane Mai Mahiu kwa mvua, wewe utanifundisha nini?"

Akasema, "Baba, Mai Mahiu ulikuwa unakaa kushoto."

Alinitafutia mwalimu, Mkongomani wa Bukavu anayefundisha watu gari. Alinieleza kwa Kiswahili chao. "Papa, ubongo wa mutu haukufi ku uzee. Unaweza kufungua njia mupya. Ile ya zamani unaiacha, majani inaota mule."

Nilimcheka. Nikamwuliza, "Kati yangu na wewe nani amekula lami zaidi?"

"Ni weye, Papa. Ndiyo maana weye uko na kazi mingi kuliko mimi."

Nilifanya yote aliyosema, msidhani nilizembea. Miezi mitano. Nikitembea kwa miguu natembea kulia. Kila kona nasema kwa sauti, "manjano mkono wa kushoto," mpaka majirani wakajua wimbo. Hata kitandani nilifumba macho nikaendesha kichwani, kulia, kulia, kulia. Mwalimu akasema niko sawa. Binti yangu akaweka funguo mezani mbele yangu, akasema, "Baba, nimeshamwambia bosi nitarudi zamu ya asubuhi kuanzia Jumatatu." Mjukuu wangu ambaye alikuwa anakataa hata kukaa kwa gari nikiwa ndani, akasema amemwambia mwalimu wake babu atamleta.

Alhamisi nilitoka peke yangu kujipima. Bata bukini akaruka mbele yangu, hawa wakubwa wa huku wanaotembea kama wenye mtaa. Nikashtuka. Mikono ikavuta kushoto kabla sijafikiria. Kwetu kushoto ni majani. Hapa kushoto ni gari linalokuja. Siku hiyo halikuja, ni bahati tu. Nikarudi barabara ile ile nikipiga ule wimbo, mtu akafungua mlango wa gari lililosimama, mikono ikavuta kushoto tena, mpaka ng'ambo ya manjano. Hakuna aliyeona. Najua mimi na Mungu, na sasa ninyi.

Kwa hiyo hayo majani ya mwalimu hayajaota popote. Nikiwa nimetulia naendesha kama mtu wa hapa. Nikishtuka niko Malaba. Na barabara yenyewe ni ya kushtua watu.

Ijumaa baada ya chakula nilikusudia kumwambia binti yangu. Nikafungua mdomo, nikajikuta nasimulia jinsi nilivyopita mteremko wa Salgaa breki zimekufa. Wakacheka. Mtoto akasema nirudie, nikarudia. Mdomo nao una njia yake ya zamani, na hiyo hakuna mwalimu wa Bukavu atakayeiotesha majani.

Nikisema, binti yangu anakosa hiyo zamu, na mimi nakuwa mzee wa kukaa dirishani kuhesabu magari ya watu. Nisiposema, mnajua nani atakaa kiti cha nyuma.

Msiniambie niombe, nimeomba. Msiniambie nijaribu mwezi mwingine, Jumatatu ni kesho kutwa. Mimi maisha yangu yote sijamwambia mtu kwamba kitu kimenishinda. Hata mke wangu, marehemu, alikufa hajalisikia hilo neno kwangu. Ninyi mliosoma, niandikieni mzee anavyomwambia mtoto wake neno kama hilo. Yawe maneno machache, nimsomee kama yalivyo, macho yangu yakiwa kwa simu. Kwa sababu nikiachiwa huu mdomo wangu, Jumatatu asubuhi nitachukua funguo.